Nani Astahili Heshima?

Wahenga walisema: "Mcheza kwao hutunzwa." Maneno hayo ni mafupi, wala hayaleti shida mpaka ifike siku ya kutoa tuzo. Siku hiyo ndipo watu huulizana: Atunzwe nani? Ni yule aliyecheza vizuri kuliko wote, au yule aliyecheza kwa haki? Na ikiwa mtu alikuwa hodari kuliko wote lakini hakucheza kwa haki, tumtendeje? Tumtunze kwa ustadi wake, au tumnyime kwa kosa lake?

Swali hilo huulizwa kila mwaka huko Marekani juu ya wachezaji wa besiboli waliostaafu. Mwezi wa Desemba mwaka 2027 huenda likaulizwa kwa nguvu zaidi, maana safari hiyo yaweza kupigiwa kura majina ya watu waliofungiwa mchezo mpaka kufa kwao. Yafaa basi tulitazame vema. Mchezo wenyewe haujulikani sana kwetu, lakini jambo linalobishaniwa ni la watu wote.

Katika mji mdogo wa Cooperstown, jimbo la New York, lipo Jumba la Heshima la besiboli, lililofunguliwa tarehe 12 Juni 1939. Ndani yake mna mabamba ya shaba yenye sura na majina ya wachezaji walioteuliwa. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwaka 1936, wakachaguliwa watano: Ty Cobb, Babe Ruth, Honus Wagner, Christy Mathewson na Walter Johnson. Wapigaji kura ni waandishi wa habari waliofanya kazi ya kuandika juu ya mchezo huo kwa miaka 10 au zaidi. Mchezaji hapana budi awe amecheza misimu 10, na awe amestaafu kwa muda wa miaka 5. Kila mwandishi aweza kutia alama kwa majina yasiyozidi 10, na anayepata kura 75 katika kila 100 ndiye anayeingia. Asiyefaulu kwa miaka 10 huondolewa katika karatasi ya kura, na shauri lake hubaki mikononi mwa kamati ya watu 16, ambao kati yao 12 lazima wakubali.

Tena wapigaji kura wamepewa kanuni. Wameambiwa watazame mambo sita: kumbukumbu za michezo ya mchezaji, ustadi wake, uadilifu wake, uungwana wake uwanjani, tabia yake, na faida aliyoziletea timu zake. Angalieni hesabu hiyo: katika mambo sita, matatu ni ya kazi ya mikono, na matatu ni ya moyo wa mtu. Lakini hawakuambiwa jinsi ya kuyapima, wala lipi lishinde lipi yanapogombana. Hapo ndipo mabishano yanapoanza.

Wako wanaosema: "Tutazame kazi tu. Hili ni jumba la wachezaji. Ukitaka watakatifu, watafute kanisani." Wako na wengine wanaosema: "La, tumtazame mtu mzima, uwanjani na nyumbani kwake, na kama hakuwa mwema asiingie." Kwa maoni yetu pande zote mbili zimekosa njia, na yafaa tuonyeshe kwa nini.

Hao wa kwanza wanachanganya mambo mawili, kumbukumbu na heshima. Kumbukumbu ni ukweli wa mambo yaliyotendeka. Barry Bonds aliuvusha mpira nje ya uwanja mara 762, kuliko mchezaji mwingine yeyote wa Ligi Kuu, na kati ya hizo mara 73 zilikuwa za mwaka mmoja, 2001. Pete Rose alipata mapigo salama 4,256, yaani kuupiga mpira na kuwahi kituo bila kutolewa, naye akampita Ty Cobb katika Septemba 1985. Mambo hayo yameandikwa vitabuni, wala hakuna anayetaka kuyafuta. Hata pale Cooperstown penyewe pana makumbusho, na ndani yake umewekwa mpira ule ambao Bonds aliupiga mwaka 2007 alipoipita kumbukumbu ya zamani. Makumbusho husema: "Jambo hili lilitokea." Lakini bamba la shaba husema neno jingine. Husema: "Huyu ndiye tunayetaka watoto wetu wamtazame." Mtu anayetoa heshima anashuhudia, na shahidi ana wajibu wa kusema kweli. Kwa hiyo anayedai kwamba hesabu za mapigo zatosha anadai kitu ambacho mhusika amekwisha kupewa. Hesabu zake anazo. Linaloulizwa ni kama jamii yote isimame na kusema: "Alifanya vema."

Hao wa pili nao wanachukua mzigo usio wao. Nani kati ya waandishi wa habari aujuaye moyo wa mwenziwe? Katika jumba hilo wamo walevi, wamo wenye hasira kali, wamo waliowachukia wenzao kwa sababu ya rangi ya ngozi. Cap Anson, aliyechaguliwa mwaka 1939, alikuwa mmoja wa wale waliokataa kucheza na watu weusi katika miaka ya 1880 na kitu, na kukataa kwake kulisaidia kuwafungia mlango kwa zaidi ya nusu karne. Tukianza kuyapekua maisha ya kila mtu, tutawahukumu wale tu ambao siri zao zilifichuka, na kuwasifu wale waliojua kuficha. Huo si uadilifu.

Tusemeje basi? Twaona kwamba kipimo cha haki ni hiki: kosa linalomnyima mchezaji heshima ya mchezo ni lile lililouumiza mchezo wenyewe. Mchezo wowote ni ahadi kati ya watu. Wanaocheza huahidi kujaribu kushinda kwa sheria zile zile. Wanaotazama hulipa fedha zao kwa kuiamini ahadi hiyo. Mtu akiivunja amewaibia wapinzani, amewaibia wenziwe, amewaibia na watazamaji. Makosa yake mengine yana mahakama nyingine, na mengine yana Hakimu mwingine.

Tukitumia kipimo hicho, jambo la Joe Jackson si gumu kama linavyofanywa. Mwaka 1919 wachezaji wanane wa Chicago White Sox walituhumiwa kwamba walikubali fedha za wacheza kamari ili timu yao ishindwe na Cincinnati katika fainali. Mwaka 1921 baraza la mahakama liliwaachilia, lakini Kamishna wa besiboli, Kenesaw Mountain Landis, aliwafungia wote maisha. Wanaomtetea Jackson husema kwamba katika fainali hizo alipata mapigo salama 12, na kwamba hakuwa na elimu. Twakubali kwamba alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Lakini mwenyewe alikiri mwaka 1920 kwamba alipokea dola 5,000. Mtu akipokea fedha za hila na kunyamaza, hata akipiga vizuri, ameiuza ahadi.

Jambo la Pete Rose lafanana na hilo, ingawa si sawa. Yeye alipokuwa mwalimu wa timu ya Cincinnati aliweka dau kwa michezo ya timu yake mwenyewe. Mnamo Agosti 1989 alifungiwa. Akakana kwa muda wa miaka 15, kisha akakiri mwaka 2004. Watetezi wake husema: "Aliweka dau kwamba timu yake itashinda. Pana ubaya gani?" Ubaya upo. Mwalimu mwenye fedha zake katika mchezo wa leo aweza kumchosha mrushaji wake hodari leo, bila kujali mchezo wa kesho. Na siku asipoweka dau, wacheza kamari hupata habari bila yeye kusema neno. Tena sheria ya kukataza jambo hilo, pamoja na adhabu yake, hubandikwa ukutani katika chumba cha kila timu. Rose aliipita kila siku alipokwenda kuvaa nguo za mchezo. Hakuna awezaye kusema kwamba hakujua.

Rose alikufa tarehe 30 Septemba 2024. Tarehe 13 Mei 2025 Kamishna Rob Manfred aliamua kwamba adhabu ya kufungiwa humalizika mtu anapokufa, na kwa uamuzi huo Rose, Jackson na wengineo waliondolewa katika orodha ya waliofungiwa. Kwa ajili hiyo kamati ya Desemba 2027 yaweza kuyatazama majina yao. Sababu aliyoitoa Kamishna ni kwamba mtu aliyekufa hawezi tena kuuhatarisha mchezo. Sababu hiyo ni ya kweli. Lakini hebu tuitazame vema inathibitisha nini. Kufungia mtu ni kama kufunga zizi: unalinda kilichomo. Akiondoka mwenye kudhuru, zizi laweza kufunguliwa. Heshima haina kazi ya kulinda. Kazi yake ni kushuhudia, na ushuhuda haubadiliki kwa sababu anayeshuhudiwa amekufa. Kwa hiyo uamuzi wa Mei 2025 umeondoa kizuizi tu, nalo shauri lenyewe limebaki vile vile lilivyokuwa.

Hapa watu wenye moyo mwema hutuuliza: "Je, hakuna msamaha?" Msamaha upo, na mtu aliyekufa asisimangwe. Lakini tusiufanye msamaha kuwa kitu kisicho. Baba aweza kumsamehe mwanawe aliyeiba mbuzi, akamkaribisha nyumbani, akala naye sahani moja. Hata hivyo hatamwita mbele ya wanakijiji na kumvika kilemba kwa uchungaji wake bora. Akifanya hivyo amewatukana wanawe wengine waliolinda zizi usiku kucha. Kusamehe ni kumfutia mtu deni. Kumheshimu ni kusema kwamba tendo lake lafaa kuigwa. La kwanza twaweza kumpa kila mtu, na yatupasa. La pili hatuna ruhusa ya kumpa asiyestahili, kwa kuwa si mali yetu peke yetu.

Sasa tuje kwa Barry Bonds na Roger Clemens, ambao shauri lao ni gumu zaidi. Wote wawili wametuhumiwa kutumia dawa za kutia nguvu. Clemens alishitakiwa kwa kusema uwongo mbele ya Bunge, naye akaachiliwa na mahakama mwaka 2012. Bonds alionekana na hatia ya kuzuia haki mwaka 2011, lakini hukumu hiyo ilifutwa mwaka 2015. Katika mwaka wao wa mwisho mbele ya waandishi, 2022, Bonds alipata kura 66 katika kila 100, na Clemens 65. Hazikutosha. Kamati ya Desemba 2022 haikuwachagua, wala ile ya Desemba 2025.

Kama walitumia dawa hizo, waliivunja ahadi ya mchezo, na kipimo chetu chawanyima. Lakini yako mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni ushahidi. Watu husema "lisemwalo lipo," na methali hiyo yafaa kumwonya mtu, lakini haifai kuwa hukumu. Mwandishi anayemnyima mtu kura yampasa awe na hakika inayotokana na ushahidi alioupima, asiifuate minong'ono wala chuki. Bonds hakupendwa na waandishi wengi. Kutopendwa si kosa.

La pili ni usawa, na hapa twaona Jumba la Heshima limejifunga lenyewe. Gaylord Perry alikuwa maarufu kwa kupaka mpira mafuta na mate, jambo lililokatazwa. Yeye mwenyewe aliandika kitabu juu ya hila zake akiwa bado mchezaji, na mwaka 1991 akachaguliwa. Watu walicheka. Zaidi ya hayo, katika miaka ile dawa zilipoenea, wenye timu walikuwa wakihesabu fedha za viingilio. Upimaji wenye adhabu ulianza mwaka 2004 tu. Aliyeuongoza mchezo tangu 1992 hadi 2015 alikuwa Bud Selig. Naye mnamo Desemba 2016 alichaguliwa kuingia Cooperstown. Ni kweli kwamba upimaji ulianza wakati wake, na sifa hiyo tusimnyime. Hata hivyo, mlinzi aliyechelewa kuamka amepewa bamba la shaba, na walioingia alipokuwa amelala wameachwa nje. Hatusemi kwamba wezi waingizwe kwa sababu mlinzi alilala. Twasema kwamba kipimo kinachowabana watumishi na kuwaachia mabwana kimeharibika, na watu hawatakiheshimu.

Lakini neno lililo zito zaidi kwetu bado hatujalisema. Mabishano juu ya Rose na Bonds yamejaza magazeti kwa miaka mingi, kana kwamba deni kubwa la mchezo huu ni kwa wale waliokosea. Deni kubwa ni kwa wale waliokosewa. Tangu mwisho wa karne ya 19 hadi tarehe 15 Aprili 1947, siku Jackie Robinson alipoingia uwanjani na timu ya Brooklyn, mtu mweusi hakuruhusiwa kucheza katika Ligi Kuu. Watu weusi walikuwa na ligi zao, wakasafiri kwa mabasi usiku na mchana, wakanyimwa chakula na vyumba vya kulala, nao wakacheza mchezo usiopungua kitu. Josh Gibson alikufa Januari 1947, miezi mitatu kabla mlango haujafunguliwa. Mwaka 1971 Satchel Paige alipoteuliwa kwa kazi yake katika ligi hizo, kwanza ilitangazwa kwamba watu wa namna yake watawekwa mahali pao peke yao; watu wakapiga kelele, ndipo bamba lake likawekwa pamoja na ya wengine. Gibson alifuata mwaka 1972. Mwaka 2024 Ligi Kuu ilizihesabu kumbukumbu za ligi hizo pamoja na zake, na Gibson akaonekana kuwa juu ya wote kwa wastani wa upigaji: mapigo salama 372 katika kila nafasi 1,000, mbele ya Ty Cobb mwenye 367.

Mwaka 2006 kamati maalumu iliwachagua watu 17 wa ligi hizo, wote wakiwa wamekwisha kufa. Buck O'Neil, aliyekuwa hai na mwenye umri wa miaka 94, mtu aliyefanya kazi ya miaka mingi ili wenzake wasisahauliwe, hakuchaguliwa. Akaombwa aje kusema kwa niaba ya hao 17. Akaja Cooperstown mwezi wa Julai, akasimama mbele ya watu, akawasifu wenzake kwa furaha bila neno la kinyongo. Mwezi wa Oktoba akafa. Alichaguliwa Desemba 2021, miaka 15 baadaye. Hapa kanuni ya uadilifu, uungwana na tabia ilikuwa na kazi rahisi kuliko zote, wala haikufanya kazi.

Tazameni na jambo la Curt Flood. Alikuwa mdakaji hodari wa St. Louis. Mwaka 1969 timu yake ilimhamisha aende Philadelphia bila kumwuliza, kama sheria za wakati ule zilivyoruhusu. Akakataa, akasema kwamba yeye si mali ya kuuzwa na kununuliwa. Akaenda mahakamani, akashindwa katika Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1972, na maisha yake ya uchezaji yakaharibika. Miaka mitatu baadaye kifungo kile kilivunjwa, na wachezaji waliomfuata wakatajirika kwa uhuru ambao yeye aliulipia. Alikufa mwaka 1997, na hadi leo hajachaguliwa. Twauliza: ikiwa tabia yaweza kumtoa mtu mwenye mapigo 4,256, mbona haiwezi kumwingiza mtu aliyewafungulia wenzake? Kanuni inayojua kufunga mlango tu, isijue kuufungua, ni nusu ya kanuni.

Iliwahi kuufungua mara moja, na watu wengi walikubali kwamba ni haki. Tarehe 31 Desemba 1972 Roberto Clemente wa Puerto Rico, mchezaji wa Pittsburgh, alipanda ndege akipeleka msaada kwa watu wa Nicaragua walioangukiwa na nyumba zao katika tetemeko la ardhi. Ndege ikaanguka baharini. Alikuwa na mapigo salama 3,000 kamili. Mwaka 1973 waandishi waliweka kando sheria ya kungoja miaka 5, wakamchagua kwa kura 393 kati ya 424. Ustadi wake peke yake ungalimwingiza baadaye. Ila moyo wake ndio uliowafanya watu waone aibu kungoja.

Basi, kwa wale watakaoketi Desemba 2027, na kwa kila mtu ambaye siku moja atapewa kazi ya kugawa heshima, awe mwalimu shuleni, au mwenyekiti wa chama, au mzee wa kijiji, twatoa shauri hili. Kwanza, pimeni kwa kipimo kimoja, mkubwa na mdogo. Pili, msihukumu kwa minong'ono. Tatu, sameheni kwa ukarimu, lakini msiite kibaya chema ili mwonekane wakarimu. Nne, kabla ya kuuliza ni nani kati ya wakosaji aingizwe, ulizeni kwanza ni nani asiye na kosa aliyeachwa nje. Wako wengi, na baadhi yao bado wana wazee walio hai wanaoyakumbuka majina yao.